Mfumo Umebadilika, Mnawalaumu Wakimbiaji? Majibu kwa wasomaji kuhusu futiboli ya vyuo vya Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: timu ya chuo imebadili namna ya kushambulia, yadi zimekauka, na mashabiki wanawanyooshea kidole wakimbiaji. Tumejibu kwa kuegemea zaidi Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, kwa sababu kati ya 2022 na 2024 iliacha mfumo wake, ikajaribu mwingine, ikarudi ulikotoka, na kila hatua imeacha matokeo ubaoni. Pale panapohitaji historia tumerudi hadi Texas ya 1968.

Nimekulia kwenye soka letu la kawaida. Huku wanamwita mtu "beki", halafu beki huyohuyo ndiye anayefunga. Naomba mnifungue macho, nimechoka kukaa na mashemeji mbele ya televisheni nikiitikia tu.
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Shemeji yetu, maana ya beki uliyotoka nayo nyumbani iache mlangoni. Huku jina linatokana na mahali mtu anaposimama, yaani nyuma ya safu ya mbele ya timu yake. Fulubeki wa Yanga au Gor Mahia kazi yake ni kumzuia winga. Fulubeki wa Army ni mshambuliaji, na mara nyingi ndiye wa kwanza kunyooshewa mpira.

Timu yenye mpira ina majaribio 4, kila moja huitwa dauni, ya kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikizipata, hesabu inaanza upya. Mbele kabisa wako wazuiaji 5: senta katikati, ambaye ndiye anayeutoa mpira ardhini, gadi mmoja kila upande wake, na wazuiaji wa ukingoni nje ya magadi. Nyuma yao yuko kwotabeki, ambaye kila mpira hupitia mikononi mwake, na wakimbiaji. Fulubeki ni mkimbiaji mnene wa katikati. Wengine husimama ubavuni, wepesi zaidi, wakingoja mpira wa pembeni. Wapinzani wanaowakabili hawa wote tutawaita walinzi.

Kwa majibu yanayofuata hayo yanatosha. Ukitaka kuonekana mjuzi mbele ya mashemeji, usiufuate mpira kwa macho; angalia magadi wawili. Gadi akiinuka na kurudi nyuma, ni pasi, yaani mpira utarushwa mbele. Akichomoka mbele kwa hatua fupi, mpira unakimbizwa.

Kwa nini Army waliuacha mfumo waliouzoea mwaka 2023, kisha wakaurudia baada ya msimu mmoja? Marafiki zangu wanasema ni kocha kukosa msimamo.
*Msomaji, Houston, Texas*

Msimamo hauna kosa hapa. Chanzo ni kanuni.

Mfumo wa zamani wa Army, na wa Navy na Air Force pia, timu za vyuo vingine vya kijeshi, ni opsheni ya njia tatu: kwotabeki anasimama mgongoni kwa senta na anaweza kuuacha mpira kwa fulubeki, kukimbia nao mwenyewe, au kuurusha pembeni kwa mkimbiaji wa tatu. Kwa vijana ambao si wakubwa kama wa Alabama au Ohio State, silaha kubwa ilikuwa kumzuia mlinzi kwa kumrukia chini ya kiuno. Kijana wa kilo 85 hamsukumi mlinzi wa kilo 110 kifua kwa kifua, lakini akimfagia mapajani anamlaza.

Mwaka 2022 kanuni za vyuo zilibana jambo hilo. Kuzuia chini ya kiuno kukabaki ruhusa kwa watu wa safu ya mbele na wakimbiaji waliosimama tuli tu, tena ndani ya eneo la kati, yadi 5 kila upande wa senta. Nje ya hapo ni marufuku. Sasa fikiria mkimbiaji wa ubavuni ambaye kazi yake ilikuwa kutoka mbio kwenda kumwangusha mlinzi wa pembeni ili mpira uliorushwa upate barabara. Analazimika kumzuia mtu huyohuyo akiwa wima, kwa mikono na kifua. Anamgusa, mlinzi anayumba, anajirudi, anamkamata mwenye mpira. Njia ya tatu ya opsheni ikaanza kuziba.

Kocha mkuu Jeff Monken akaona heri abadilike mapema. Kwa msimu wa 2023 alimleta Drew Thatcher aongoze mashambulizi, na Army wakahamia shotigani: kwotabeki amesimama yadi 4 au 5 nyuma ya senta, mkimbiaji kando yake, opsheni ikichezwa kutoka hapo. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Uwanjani walipoteza mechi 5 mfululizo, na katikati ya hizo wakafungwa 19-0 na Troy, kisha 62-0 na LSU, wiki mbili mfululizo bila pointi hata moja. Wakajikaza mwishoni, wakaipiga Air Force 23-3 na Navy 17-11, wakamaliza 6-6.

Mwaka 2024 Cody Worley akapewa mashambulizi na kwotabeki akarudi mgongoni kwa senta. Lakini angalia walichokirudisha na walichokiacha. Hawakurudi kutegemea sana mpira wa kurushwa pembeni, ambako kanuni imewafunga. Walihamishia uzito katikati: fulubeki, na kwotabeki Bryson Daily, mtu wa takriban kilo 100, akikimbia nyuma ya wazuiaji wake kama fulubeki wa pili. Daily alimaliza na yadi 1,659 na tachidauni 32 za kukimbia, yaani mara 32 aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Mkimbiaji Kanye Udoh akapata yadi 1,117. Timu ilishinda 12 ikapoteza 2, ikatwaa ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yake kwa kuipiga Tulane 35-14, na safu yake ya mbele ikapewa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora ya wazuiaji katika vyuo vyote. Kwa maoni yetu tuzo hiyo inaeleza msimu ule kuliko yadi za mtu yeyote.

Elezeni hiyo opsheni ya njia tatu hatua kwa hatua. Nikiangalia naona fujo tu, halafu mtu anatokea anakimbia peke yake.
*Msomaji, Nairobi*

Tuchukue mchezo unaokwenda kulia.

Wazuiaji wamesimama wakiachiana kama futi 3, nafasi pana kuliko timu nyingine, ili walinzi nao watawanyike. Fulubeki ameinama, mkono mmoja ardhini, nyuma ya kwotabeki kwa kama yadi moja na nusu. Wakimbiaji wa ubavuni ni wawili, mmoja kila upande, karibu na mstari, yaani pale mpira ulipolazwa, panapotenganisha timu mbili. Kabla mpira haujatolewa, yule wa kushoto anaanza kukimbia kuelekea nyuma ya fulubeki. Kanuni inamruhusu mtu mmoja kuwa mwendoni, mradi asiwe anaelekea mbele mpira unapotoka.

Mpira unatoka. Kuna walinzi wawili ambao hawazuiwi na mtu, kwa makusudi. Hao ndio wanaosomwa. Wa kwanza ni mlinzi wa mstarini aliyesimama mbele ya mzuiaji wa ukingoni wa kulia, au nje yake kidogo. Wa pili ni anayefuata baada yake kuelekea nje. Kwa kuwa hakuna anayepoteza nguvu kuwazuia hao wawili, wazuiaji wawili wanabaki huru kwenda kumkuta mtu mwingine. Hesabu yote ya opsheni iko hapo: ni kama umewatoa walinzi wawili uwanjani bila kuwagusa.

Kwotabeki anafungua mguu wa kulia kuelekea nyuma kidogo, kama mkono wa saa unaoelekea saa 10 ya kwetu, huku mikono yote miwili ikiunyoosha mpira nyuma hadi kwenye tumbo la fulubeki. Macho hayamwangalii fulubeki hata kidogo. Yako kwa mlinzi wa kwanza. Fulubeki anakwenda moja kwa moja, akilenga makalio ya gadi wa kulia. Makocha wanasema hivyohivyo, bila tafsida.

Kwa nusu ya pumzi mpira uko mikononi mwa wawili. Fulubeki amefungua mfuko: kiwiko cha upande wa kwotabeki juu, mkono wa pili chini, kiganja kikiangalia juu. Anaugusa mpira kwa wepesi bila kuukumbatia. Mlinzi wa kwanza akibaki nje au akimkodolea macho kwotabeki, kwotabeki anauacha mpira, na fulubeki anaposikia mikono imeondoka ndipo anaubana. Mlinzi akiingia ndani kumvamia fulubeki, kwotabeki anauchomoa. Uamuzi ufanyike kabla mpira haujapita mguu wake wa mbele. Ukipita hapo kila mmoja anauvuta kwake na mpira unaanguka.

Akishauchomoa, anaelekea bega la ndani la mlinzi wa pili. Hatakiwi kuzunguka kwa nje kama mtu anayekwepa dimbwi, kwa sababu akizunguka anampa mlinzi muda wa kungoja. Mlinzi akimjia, anaurusha kwa mkimbiaji aliyeanza kushoto, ambaye kwa sasa amefika kulia kwake, yadi 4 au 5 kando na kama yadi moja nyuma. Mlinzi akimkimbilia yule wa kando, kwotabeki anakata ndani na kusonga mwenyewe.

Inapoharibika, kwa kawaida ni mojawapo ya haya. Fulubeki amepinda njia badala ya kwenda wima, akagongana na kwotabeki wakati wa kukabidhiana. Au mkimbiaji wa ubavuni amechelewa kuanza, kwa hiyo mpira unaporushwa yuko nyuma sana na unampita. Akiwahi mno, yuko mbele ya kwotabeki, na mpira uliorushwa mbele kwa mtu wa pembeni ni pasi. Ikiwa kwotabeki ameshavuka mstari, ni adhabu. Na kuna ile mbaya kuliko zote: kwotabeki anaamua kichwani kabla mpira haujatoka. Ukimwona anachomoa kila mara hata pale katikati pakiwa wazi, usimlaumu fulubeki kwa kuwa na yadi 12 tu.

Mkimbiaji wetu alikuwa hatari msimu uliopita. Mwaka huu tumehamia shotigani na kila akipewa mpira anapata yadi 2. Amenenepa?
*Msomaji, Syracuse, New York*

Pengine, lakini anza na miguu yake.

Mkimbiaji aliyesimama nyuma ya kwotabeki anaupokea mpira akiwa tayari mbioni, mabega yameelekea mbele. Kwenye shotigani ya kawaida amesimama kando ya kwotabeki, kama yadi 5 kutoka mstarini. Ili aupokee lazima akate mbele ya kwotabeki kwa ulalo. Mwendo wa kwanza ni wa pembeni. Akifika mstarini, mabega bado yameelekea kwenye mstari wa pembeni wa uwanja, na mtu mzito huhitaji hatua moja ya ziada kuyanyoosha. Hatua hiyo moja ndiyo mlinzi anayoihitaji kuziba. Mkimbiaji mwepesi wa miguu haoni shida. Fulubeki wa kuchoma katikati anaumia. Uzito haujabadilika, pembe ndiyo imebadilika.

Chris Ault, kocha wa Nevada, alilitatua mwaka 2005 kwa mpango uitwao pistoli: kwotabeki yadi 4 nyuma ya senta, mkimbiaji yadi 3 nyuma ya kwotabeki. Faida za shotigani zinabaki, na mkimbiaji anarudi kwenda wima. Mwaka 2009 Nevada ikawa timu ya kwanza ya daraja la juu la vyuo kuwa na watu watatu waliovuka yadi 1,000 za kukimbia katika msimu mmoja: kwotabeki Colin Kaepernick, Vai Taua na Luke Lippincott. Kama kocha wenu ana mkimbiaji mzito na hamhamishii nyuma ya kwotabeki hata kwa michezo michache, hapo tunaungana nawe kulalamika.

Jambo la pili ni macho. Mifumo mingi ya shotigani inaendeshwa kwa zoni, yaani kila mzuiaji analinda eneo badala ya kupewa mtu, na mkimbiaji ndiye anayechagua tundu. Katika zoni ya ndani analenga gadi wa upande anakokwenda na kumsoma mlinzi wa kwanza wa mstarini kutoka kwa senta. Mlinzi akisukumwa nje, mkimbiaji anapita ndani yake. Akijikaza ndani, anapita nje. Katikati pote pakiziba, anakata kurudi upande wa pili. Katika zoni ya nje analenga mbali zaidi, nje ya mzuiaji wa mwisho, anawavuta walinzi wote pembeni, kisha anakata mara moja tu. Mara moja! Anayekata mara mbili anakamatwa na mtu aliyekuwa ameshapitwa.

Kosa la mkimbiaji aliyetoka mfumo wa njia maalumu, ambako gadi anahama upande na kumfungulia tundu linalojulikana tangu chumba cha mikutano, ni haraka. Anafika kabla wazuiaji wawili hawajamaliza kumsukuma mlinzi mmoja, anajibamiza kwenye mgongo wa gadi wake mwenyewe, yadi 2. Rudia kurekodi yako na uangalie kofia yake ya chuma inagota wapi. Ikiwa inagota mgongoni kwa mchezaji mwenzake, amewahi. Ikiwa anakamatwa kwa nyuma na mlinzi wa upande wa pili, amechelewa, au kwotabeki hakumsoma mlinzi huyo, ambaye katika opsheni ya zoni huachwa bila kuzuiwa ili kwotabeki ndiye amkabili.

Timu yetu ina wastani wa yadi 4.5 kwa kila mbio, lakini nikimhesabu mkimbiaji mmojammoja napata zaidi. Nani anakosea?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hakuna anayekosea. Katika futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari wakati anataka kutoa pasi, yadi zilizopotea zinakatwa kwenye mbio. Kwenye ligi ya kulipwa ya NFL zinakatwa kwenye pasi.

Tuseme timu imekimbia mara 40 kwa yadi 180. Wastani ni 4.5. Ndani yake kuna mara 4 ambazo kwotabeki aliangushwa akitafuta pasi, jumla yadi 30 zilizopotea. Zitoe: zinabaki mbio 36 kwa yadi 210, wastani 5.8. Tofauti ni kubwa, na wakimbiaji hawakuhusika nayo hata chembe. Toa pia mara kwotabeki anapopiga goti dakika ya mwisho kuua saa. Nazo huhesabiwa kuwa mbio za kurudi nyuma.

Wastani wenyewe una udanganyifu mwingine. Mbio moja ya yadi 60 na nyingine 9 za yadi moja moja zinatoa wastani wa 6.9, na timu hiyo imekwama mara 9 kati ya 10. Wachambuzi hutumia kipimo cha mafanikio: dauni ya kwanza, mbio imefaulu ikipata nusu ya yadi zinazohitajika, ya pili, asilimia 70, ya tatu na ya nne, zote. Daftari na kalamu vinatosha. Kwa timu ya opsheni kipimo hiki ndicho kinachosema kweli, kwa sababu yadi 3 na nusu kila dauni ni ushindi kwao. Mara tatu ni yadi 10 na nusu, na saa imekwenda.

Inawezekana kubadili mfumo katikati ya msimu, au ni kujitafutia aibu?
*Msomaji, Norman, Oklahoma*

Unauliza ukiwa mji wenyewe! Mwaka 1970 Oklahoma walibadili baada ya mechi 3, wakachukua wishiboni, opsheni yenye wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki waliopangwa kama mfupa wa kidari cha kuku. Tena waliunakili kwa wapinzani wao wakubwa, Texas, na mechi ya kwanza kuutumia ikawa dhidi ya Texas haohao. Walifungwa 41-9. Barry Switzer, aliyeongoza mashambulizi chini ya kocha mkuu Chuck Fairbanks, hakuuacha. Mwaka uliofuata Oklahoma walikimbia wastani wa yadi 472.4 kwa mechi, rekodi ya vyuo, Greg Pruitt akiwa mmoja wa wakimbiaji.

Texas nao walipouanza mwaka 1968, kazi ya kocha msaidizi Emory Bellard chini ya kocha mkuu Darrell Royal, walitoka sare 20-20 na Houston, wakapigwa 31-22 na Texas Tech. Marekebisho yalikuwa mawili, yote madogo kwa macho. Fulubeki Steve Worster alikuwa anasimama karibu mno na kwotabeki, mpira ukimfikia kabla kwotabeki hajapata nafasi ya kumsoma mlinzi, akarudishwa nyuma. Na James Street akachukua nafasi ya Bill Bradley kama kwotabeki. Baada ya hapo, Texas walishinda mechi 30 mfululizo, hadi Notre Dame walipowazuia 24-11 tarehe 1 Januari 1971. Chris Gilbert, mkimbiaji wa mfumo huo mpya, alimaliza 1968 akiwa wa kwanza katika vyuo kuvuka yadi 1,000 misimu mitatu.

Kikwazo cha leo ni muda. Msimu ukianza, wachezaji wana saa 20 kwa wiki za shughuli za timu, mikutano na video zikiwamo. Mazoezi ya majira ya kuchipua ni 15 tu. Kocha anayebadili Oktoba anaweza kufundisha michezo 4 au 5 vizuri, basi. Akileta 20, jiandae kuona mpira ukianguka. Na si kweli kwamba mwaka wa kwanza lazima uwe mbaya: kocha Paul Johnson alipeleka opsheni Georgia Tech 2008, Jonathan Dwyer akakimbia yadi 1,395, wakaipiga Georgia 45-42. Mwaka huohuo kocha Rich Rodriguez alipeleka mfumo wake wa shotigani Michigan, wakashinda 3 wakapoteza 9.

Mwanangu anacheza shule ya sekondari hapa. Anakimbia kuliko wote, lakini ikifika dauni ya tatu kocha anamtoa. Je, ni upendeleo?
*Mama mmoja, Minneapolis, Minnesota*

Shikamoo mama. Hatuwezi kuingia moyoni mwa kocha, ila dauni ya tatu mara nyingi ni pasi, na kwenye pasi mkimbiaji huwa mzuiaji wa sita. Akikosea, kwotabeki anavunjwa. Vijana wengi wanaokimbia vizuri hutolewa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mbio.

Mwambie ayafanyie kazi mambo haya. Kwanza, mpangilio wa macho: anaangalia kutoka ndani kwenda nje. Anayekuja karibu na senta ndiye hatari ya kwanza, maana njia yake kumfikia kwotabeki ni fupi zaidi. Wa nje anakuja baadaye. Kijana akimrukia wa nje anayeonekana wazi, wa ndani anapita.

Pili, aende kumkuta mlinzi karibu na mstari. Akimngojea mbele ya kwotabeki, hata akimzuia, kwotabeki hana pa kukanyagia atupe mpira. Magoti yakunjwe, mikono ipige kifua kwa kutokea chini kwenda juu, viganja ndani ya mabega ya mlinzi, miguu iendelee kutembea kwa hatua fupi. Kichwa kisiinamishwe kabisa. Ni hatari kwa shingo yake.

Tatu, na hili unaweza kulifanya naye sebuleni: namna ya kushika mpira. Vidole vifunike ncha ya mbele, kiganja kibane, mkono wa chini ulale juu yake, ncha ya nyuma iingie kwenye kunjo la kiwiko, na mpira wote ubanwe mbavuni. Sehemu 5. Mpite upande wa nyuma umpige mpira kwa ngumi bila kumwambia. Ukitoka, kiwiko kilikuwa mbali na mbavu.

Kama mfumo wa Army ulimfaa Kanye Udoh, kwa nini aliondoka?
*Msomaji, Phoenix, Arizona*

Alihamia kwenu, Arizona State, baada ya 2024. Chuo cha kijeshi kina mlango ambao vyuo vingine havina: mwanafunzi anaweza kuondoka bila deni la utumishi kabla hajaanza mwaka wa tatu. Akishauanza, amejifunga. Tangu uhamisho wa wachezaji kati ya vyuo ulegezwe mwaka 2021, na kulegezwa zaidi 2024, mkimbiaji wa mwaka wa pili mwenye yadi elfu moja anatafutwa na kila mtu, na West Point haiwezi kushindana kwa fedha. Kwa hiyo kocha wa Army anapomwandaa fulubeki, humwandaa na wa pili na wa tatu, wote wakijifunza kulenga makalio ya gadi yuleyule.

Kama opsheni ni nzuri hivyo, kwa nini wote wasicheze?
*Msomaji, Zanzibar*

Kwa sababu ukiachwa nyuma kwa pointi 21, yadi 3 na nusu kila dauni zinamla mwenyewe. Army wa 2024 walikuwa na ushindi 9 bila kupoteza walipokutana na Notre Dame. Saa ile waliyozoea kuiua ikageuka dhidi yao, na mechi ikaisha 49-14.